Bi Hawa alishindwa, ila kesi yake inamfunga hakimu: kisa cha nyumba ya Nkuhungu

Kisa hiki nimekitunga na wahusika wake hawapo. Sheria na kesi ninazozitaja ni za kweli, na njia waliyopita wahusika ndiyo inayopitwa na watu wengi wanaofungua mashauri ya ndoa katika mahakama za Dodoma. Nimechagua shauri la mgawanyo wa mali kwa sababu hapo ndipo mtu wa kawaida anapokutana na kesi rejea, yaani hukumu ya zamani inayomfunga au kumwongoza hakimu wa leo, mara nyingi bila kujua kwamba hatima yake inategemea shauri la watu wengine lililoamuliwa miaka 40 iliyopita.

Mke na mume walifunga ndoa Kondoa mwaka 2005, wakahamia Dodoma mjini. Mume alikuwa dereva wa lori, akibeba mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Dar es Salaam na baadaye alizeti kutoka Singida. Mwaka 2009 alinunua kiwanja Nkuhungu kwa jina lake. Nyumba ilipanda polepole kuanzia 2010 hadi 2015: vyumba vinne na sebule, na uani vyumba vitatu vya kupangisha. Walizaa watoto watatu. Mke hakuwahi kuajiriwa. Mwaka 2016 mume alimpa shilingi 1,500,000 afungue biashara ya vitenge, na ndani ya mwaka biashara ikafa. Mwaka 2022 ndoa nayo ikafika mwisho. Baraza la usuluhishi likashindwa kuwapatanisha, likatoa hati, mke akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai talaka na sehemu ya nyumba.

Talaka alipewa. Kuhusu nyumba, hakimu aliandika kwamba mdai hakuleta risiti hata moja, kwamba kiwanja na vifaa vilinunuliwa kwa mshahara wa mdaiwa, na kwamba kupika na kulea ni wajibu wa kila mke. Akaamuru mama apewe kitanda, vyombo, cherehani na shilingi 500,000 za kuanzia maisha. Mume alikuwa amesema kizimbani, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye benchi za nyuma: "Mheshimiwa, huyu alikuwa golikipa tu. Mimi ndiye niliyekuwa barabarani."

Mama alikuwa ameitaja kesi ya Bi Hawa, ile ya mwaka 1983 kuhusu kazi za nyumbani za mke. Aliisikia kwa msaidizi wa kisheria. Hukumu haikusema neno lolote kuihusu, si kuikubali wala kuikataa, na kimya hicho ndicho kilichokuja kuwa sababu ya kwanza ya rufaa.

Kwa nini hakimu hakuruhusiwa kunyamaza

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja za wanandoa. Kinaitaka izingatie mila za jamii wanayotoka, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyapima hayo, mahakama inatakiwa kuelemea kwenye usawa wa mgawanyo.

Kwa msomaji wa leo neno "kazi" linaonekana kumaliza ubishi. Halikuumaliza. Kwa zaidi ya miaka 10 baada ya sheria kupitishwa, majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo waliosema kazi inayohesabiwa ni ile iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye kupata mali, kama kubeba tofali au kusimamia duka. Wengine walisema mwanamke anayepika, anayefua na kulea watoto ndiye anayempa mumewe nafasi ya kwenda kutafuta, kwa hiyo naye ana mkono wake kwenye nyumba. Jaji wa upande mmoja hakumfunga wa upande wa pili, kwa kuwa wote walikuwa ngazi moja. Matokeo yakawa kwamba haki ya mwanamke ilitegemea jaji gani kapangiwa jalada lake.

Mwaka 1983 suala hilo lilifika Mahakama ya Rufani katika Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali aliandika hukumu. Mahakama iliitazama mitazamo yote miwili, ikauliza Bunge lilitaka kuponya ubaya gani lilipoitunga sheria, ikajibu kwamba ubaya huo ulikuwa kuonewa na kunyonywa kwa wanawake walioolewa. Kwa msingi huo ikachagua tafsiri pana: kazi za nyumbani ni mchango katika ustawi wa familia, na mchango huo unahesabika katika kupatikana kwa mali za ndoa.

Tangu siku hiyo swali la kama kazi za nyumbani zinahesabika halikuwa tena mali ya hakimu mmoja mmoja. Mahakama ya Rufani ilianzishwa 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na mahakama ya rufani ya pamoja kutoweka nayo. Ndiyo ngazi ya mwisho. Inachokiamua juu ya maana ya sheria kinazifunga Mahakama Kuu, Mahakama ya Hakimu Mkazi, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Mwanzo na mabaraza. Katika shauri la JUWATA dhidi ya KIUTA, lililo katika ripoti za sheria za 1988, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba vyombo vyote vilivyo chini yake vinafungwa na maamuzi yake bila kujali kama vinayaona ni sahihi au la. Wanafunzi wengi wa sheria huliona hilo gumu kulikubali. Mimi nalitetea. Hakimu anayeona Mahakama ya Rufani ilikosea anaruhusiwa kuandika hivyo kwa adabu katika hukumu yake, kisha afuate, na aliyeshindwa apande juu kuomba msimamo ubadilishwe. Bila utaratibu huo, mama wa Nkuhungu na mama wa Mpwapwa wenye kesi zinazofanana wangepata majibu mawili kutegemea mlango waliougonga.

Mahakama ya Rufani yenyewe haikujifunga kwa minyororo. Uingereza ilitoa tamko mwaka 1966 kwamba mahakama yake ya juu, iliyokuwa ndani ya Bunge la Malodi, inaweza kuacha maamuzi yake ya zamani inapoona ni haki kufanya hivyo. Mwaka 1970 mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki ikachukua msimamo wa aina hiyo katika Dodhia dhidi ya National & Grindlays Bank. Kwetu, kazi ya kuacha msimamo wa zamani au kumaliza mgongano kati ya maamuzi mawili hupelekwa kwa jopo kamili la majaji watano badala ya watatu wa kawaida. Na Bunge linaweza kubadilisha sheria wakati wowote, na kesi rejea iliyosimama juu ya kifungu cha zamani ikaanguka nacho.

Basi Mahakama ya Mwanzo ilikosea wapi? Kumnyima mama nyumba si lazima liwe kosa, maana kuna mazingira ambamo angeweza kunyimwa kihalali. Kosa lilikuwa kuandika kwamba kazi za nyumbani ni wajibu tu na hazihesabiki, jambo ambalo mahakama iliyo juu yake ilishalikataa mwaka 1983.

Wakili wa mume na hoja iliyokaribia kushinda

Mama alikata rufaa Mahakama ya Wilaya. Sababu zake za rufaa ziliandikwa kwa msaada wa shirika la msaada wa kisheria. Mume aliweka wakili, na wakili huyo alikuwa ameisoma Bi Hawa yote, si muhtasari unaowekwa mwanzoni mwa ripoti ambao wengi huishia hapo.

Alianza na jambo ambalo watu wengi wanaoitaja kesi hii hawalijui: Bi Hawa alishindwa. Rufaa yake ilitupwa. Mahakama ilikubali kanuni aliyoiomba, kisha ikaangalia mambo yake mwenyewe na kukuta kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara kwa ajili ya familia, na yeye akazitapanya. Kwa sababu hiyo hakupewa sehemu ya nyumba. "Mrufani anategemea kesi ambayo mwenye kesi aliondoka mikono mitupu," wakili aliandika katika hoja zake za maandishi.

Kama hoja ingeishia hapo, ingekuwa dhaifu. Kinachofunga katika hukumu si nani alishinda. Kinachofunga ni kiini cha uamuzi, yaani hoja ya sheria ambayo mahakama iliitumia kufika ilikofika, ikifungamana na mambo ya msingi ya shauri lile. Yale yanayosemwa njiani bila kuhitajika katika kuamua ni maneno ya pembeni, yanasikilizwa kwa heshima lakini hayafungi. Hapa mtu makini anaweza kuuliza: kwa kuwa Bi Hawa alishindwa kwa sababu ya zile fedha, je, yale yaliyosemwa kuhusu kazi za nyumbani hayakuwa maneno ya pembeni? Swali ni zuri na nimeona mawakili wakijaribu kulitumia. Jibu langu ni kwamba mahakama isingeweza kufika kwenye suala la fedha bila kwanza kuamua kwamba mwanamke yule alikuwa na mchango unaoweza kupunguzwa. Asiyekuwa na kitu hapunguziwi. Isitoshe, mahakama za Tanzania, Mahakama ya Rufani yenyewe ikiwemo, zimeifuata tafsiri ile kwa miongo minne.

Wakili aliijua hatari hiyo, ndiyo maana hoja yake ya pili ilikuwa kali zaidi. Alisema: sawa, tukubali kanuni yote. Lakini mambo ya kesi hii yanafanana na ya Bi Hawa hadi kwenye maumivu yake. Mume alitoa 1,500,000, mke akafungua biashara, biashara ikafa. Kwa hiyo Bi Hawa inamfunga hakimu kweli, na inamfunga kuelekea upande wa mume.

Nimeirudia hoja hii mara nyingi kwa vijana ninaowasaidia kujiandaa, kwa sababu inaonyesha kesi rejea inavyofanya kazi kwa kweli. Pande zote mbili zilishika hukumu ileile. Hakuna aliyeomba iachwe. Ubishi wote ulihamia kwenye mambo yaliyotokea: je, kisa cha leo kinafanana na kile cha 1983 katika jambo lile lililoifanya mahakama iamue ilivyoamua? Kikifanana, mahakama inafuata. Kikitofautiana mahali penye uzito, mahakama inaitofautisha kesi ya zamani bila kuivunjia heshima. Tofauti isiyo na uzito haisaidii. Bi Hawa hakuishi Dodoma na mumewe hakuendesha lori, lakini hakuna jaji atakayejali hayo.

Daftari

Katika mwenendo wa shauri wa Mahakama ya Mwanzo kulikuwa na kielelezo ambacho hukumu ya kwanza ilikipita. Kilikuwa daftari la shule la mmoja wa watoto, kurasa za mwanzo zina hesabu za darasa la pili, na kuanzia katikati kuna mwandiko wa mama. Mume akiwa safarini, yeye ndiye aliyepokea vifaa. Ukurasa mmoja ulisomeka hivi: "Saruji mifuko 12 imefika, nimehesabu. Mchanga tripu 2. Fundi na vibarua watatu, ugali na maharage. Maji madumu 20, nimelipa mimi hela ya mboga." Ukurasa mwingine: "Fundi anasema nondo pungufu. Nimempigia baba, anasema asubiri Ijumaa." Kulikuwa na kurasa nyingi za namna hiyo.

Mbele kidogo, katika miezi ya biashara ya vitenge, daftari lilikuwa na mstari mmoja ulioamua rufaa: "Mtoto kalazwa. Nimetoa laki nne kwenye vitenge." Siku chache baadaye: "Laki mbili tena, dawa na kitanda." Mume alipohojiwa na hakimu wa kwanza alikubali kwamba mtoto wa pili alilazwa mwaka ule na kwamba yeye alikuwa njiani wakati huo.

Rufaa ya kwanza huchukuliwa kama usikilizwaji upya kwenye karatasi, kwa hiyo Mahakama ya Wilaya ilikuwa na haki ya kuupima ushahidi wote tena. Hakimu aliyesikiliza rufaa aliyasoma hayo na kuandika kwamba kutapanya fedha za familia ni jambo moja, na kuzitumia kumtibu mtoto wa familia hiyohiyo ni jambo jingine. Sababu iliyomponza Bi Hawa ilikuwa kwamba alichopewa kwa ajili ya familia hakikuifikia familia. Hapa kiliifikia, kwa njia ya hospitali. Kesi ikatofautishwa katika jambo hilo moja, na kanuni kuhusu kazi za nyumbani ikafuatwa kama ilivyo.

Naona hakimu alikuwa sahihi, na naona pia kwamba bila daftari lile angepata taabu kubwa kufika hapo. Mama angesema biashara ilikufa kwa sababu ya ugonjwa, mume angesema ilikufa kwa uzembe, na mahakama ya rufaa isingekuwa na la kushika.

Hoja ya tatu ya wakili ilikuwa kwamba mke hakuthibitisha kiasi cha mchango wake. Alitegemea rufaa ya madai namba 102 ya 2018, iliyosikilizwa Tanga, ambamo Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba kiasi cha mchango wa kila mwanandoa ni suala la ushahidi. Baadhi ya wasaidizi wa wanawake huiogopa hukumu hii kana kwamba inaifuta Bi Hawa. Haiifuti. Bi Hawa inajibu swali la kama mchango wa nyumbani unahesabika. Hukumu ya Tanga inashughulikia ni kiasi gani, na kwa mizani ipi. Zinasomwa pamoja, na anayetaja ya kwanza bila kuandaa ushahidi wa ya pili anaishia kupewa asilimia ndogo ya kumtuliza.

Wakili aliongeza uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa Januari 2023, uliosema kwamba mali za ndoa hazigawanywi nusu kwa nusu kwa sababu tu watu walikuwa wameoana. Uamuzi wa Kenya haumfungi hakimu wa Dodoma, ni wa kushawishi tu, na uzito wake unategemea kama sheria zinafanana na kama swali letu halijajibiwa hapa nyumbani. Hapa lilikuwa limeshajibiwa. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliwahi kukataa kuhesabu mchango wa mke usio wa fedha, wakati Tanzania ilikuwa imeuhesabu tangu 1983. Anayeazima hoja ng'ambo ya mpaka anapaswa kuangalia ilikotoka.

Mahakama ya Wilaya ilimpa mama asilimia 40 ya thamani ya nyumba, mume akipewa nafasi ya kumlipa sehemu yake baada ya tathmini, na akishindwa nyumba iuzwe. Nina lawama moja kwa hukumu hiyo. Hakimu alieleza vizuri kwa nini mama anastahili, ila hakueleza kwa nini 40 na si 50 wala 30. Kifungu kinataka kuelemea kwenye usawa, kwa hiyo kushuka kutoka nusu kunahitaji sababu iliyoandikwa. Hapo ndipo mume atakapoingilia akienda mbele, na hata mama angeweza kupaingilia.

Kuna jambo linaloniuma katika mashauri haya. Mama alishinda kwa hukumu ambayo hawezi kuisoma. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na hukumu za Mahakama ya Mwanzo anaweza kuzifuata neno kwa neno. Lakini Bi Hawa, JUWATA dhidi ya KIUTA na ile ya Tanga zipo kwa Kiingereza. Hukumu nyingi hupatikana bure katika mtandao wa TanzLII, na mwanamke mwenye simu ya bando dogo anaweza kuzifungua akiwa amekaa nje ya mahakama. Kilichomo ndani anakipata kwa kusimuliwa, na msimuliaji mara nyingi naye alisimuliwa. Ndiyo maana wengi hufika mbele ya hakimu na jina la Bi Hawa tu mdomoni, bila kujua kilichompata. Kuziweka hukumu hizo chache kwa Kiswahili si kazi ya kutisha, na makao makuu ya Mahakama yako hapahapa Dodoma.

Mume amesema anakwenda Mahakama Kuu. Ana haki hiyo, ingawa huko, ikiwa rufaa ya pili, atabanwa zaidi kwenye hoja za sheria kuliko kuulizwa upya nani alibeba maji. Hoja yake bora ni ile ya asilimia isiyoelezwa. Na yeye asipokwenda, hukumu ya Wilaya itabaki kati ya watu wawili. Haitamfunga hakimu mwingine yeyote, hata aliye jengo moja na aliyeiandika. Mwanamke wa Chamwino mwenye mtaji ulioishia hospitali atalazimika kuanza na Bi Hawa upya na kupigania tofauti ileile. Jaji wa Mahakama Kuu akiisikiliza rufaa ya mume na kukubali kwamba fedha iliyomtibu mtoto haikutapanywa, mahakama zote za chini yake zitafungwa na kauli hiyo, na mwanamke wa Chamwino ataweza kuitaja kwa namba ya shauri.